Nani Kakigusa Kitufe?

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa roboti, ukubwa wake kama beseni la kufulia nguo, mwenye magurudumu manne na mkono mmoja mrefu wa chuma ulioishia kwenye kiganja cha plastiki. Wanafunzi waliomtengeneza walimpa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza alipowashwa aliingia kila mahali bila kupiga hodi, akasukuma viti vya wenyewe, na akagoma kutoka mpaka alipobebwa. Mmoja tu kwenye timu hakupenda kulitumia jina hilo, naye ni Binamu. Alikuwa na shangazi wa kweli nyumbani, na alisema siku atakaposikika akisema "Shangazi amekwama, mpigeni teke," chakula cha jioni atakinusa tu kutoka dirishani.

Walicheka sana siku hiyo. Lakini siku ya mashindano hapakuwa na kicheko, na kila Binamu alipofungua kinywa, Dereva alimkazia macho kama anayetazama mfuko uliotoboka.

Dereva ni msichana aliyeshika rimoti ya Shangazi, na ndilo jina walilomwita wote, hata walimu. Binamu alikuwa binamu yake kweli, mtoto wa mjomba wake, aliyehamia nyumbani kwao muhula uliopita baba yake alipohamishwa kikazi. Kabla ya hapo alisoma shule ya ng'ambo ya reli. Na shule hiyo ilikuwa humuhumu ukumbini, meza chache tu kutoka kwao, wamevaa fulana za kijani, roboti yao inang'aa kama sufuria mpya.

Mambo yalianza kuharibika asubuhi, kwenye mchezo wa kwanza.

Kila mchezo ulianza kwa sekunde chache ambazo madereva hawakuruhusiwa kugusa rimoti. Roboti zilifanya kazi zenyewe, kwa kufuata programu zilizoandikiwa, na mipira iliyoingia kikapuni wakati huo ilihesabiwa maradufu. Nyuma ya Shangazi palikuwa na kitufe cha kuzungusha, mfano wa kile cha redio za zamani, na pembeni yake madoa matatu ya rangi. Ukikielekeza kwenye doa jeupe, Shangazi alitoka nje ya mstari akasimama, basi. Ukikielekeza kwenye la njano, alitia mpira mmoja. Ukikiweka kwenye jekundu, ndipo watu waliposimama kwenye viti: alitia mpira, akageuka, akaokota wa pili, akarudi, akaokota wa tatu, bila kugusa ukuta hata kidogo, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Katika majaribio, kabla mashindano hayajafunguliwa, jaji mmoja, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisimama kuangalia ile nyekundu mpaka mwisho. "Nani ameandika hii?" aliuliza. Wote wakamwonyesha Mganga. Mganga alikuwa rafiki wa Dereva tangu chekechea, msichana mpole aliyepewa jina hilo kwa sababu kompyuta yoyote iliyougua ilipona mikononi mwake. "Hongera sana," jaji akasema. "Mchana nitapita mezani kwenu unieleze hatua kwa hatua umefanyaje. Kuna zawadi ya programu bora, unajua." Mganga akatabasamu, akaanza kutafuna kamba ya sweta lake. Dereva alimkumbatia nusura amvunje.

Kwenye mchezo wa kwanza, Dereva alikiweka kitufe kwenye doa jekundu kwa mkono wake. Honi ikalia. Shangazi akatoka nje ya mstari, akasimama. Alisimama pale kama mgeni aliyesahau alichokuja kuomba, huku roboti za wenzao zikikimbia huku na huku. Walishindwa vibaya. Dereva alipokwenda kumbeba, kitufe kilikuwa kwenye doa jeupe.

"Labda ulisahau," Mwalimu wa fizikia akasema. Ndiye aliyewasimamia, mtu wa maneno machache ambaye kanuni zilimlazimu kukaa nyuma ya kamba mchezo ukiendelea.

"Sikusahau."

"Basi labda kimejizungusha chenyewe. Mtikisiko."

Dereva alikijaribu kwa kidole. Kilikuwa kigumu, na kila kilipohama doa moja kwenda jingine kilifanya ta! Kitufe cha namna ile hakihami kwa mtikisiko. Kuanzia hapo alikaa chonjo.

Walioruhusiwa kuingia uwanjani walikuwa watatu tu: yeye, Mganga na Binamu. Binamu na Dereva walimbeba Shangazi, Mganga alifuata na kompyuta. Dereva akaanza kupiga hesabu zake kimyakimya. Alipokuwa akiinama kuvaa miwani ya usalama, nani alikuwa nyuma ya roboti? Binamu. Nani alisema "twende, twende, muda umeisha," akimharakisha? Binamu. Na wakati wa mapumziko alimwona kwa macho yake akiongea na wale wa fulana za kijani kwenye mabomba ya maji. Walikuwa wamemzunguka. Mmoja alimpiga kofi la mgongo, wakacheka. Binamu aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa aliyelishwa ndimu.

"Walikuwa wanataka nini?" Dereva akauliza.

"Hakuna."

"Mmecheka."

"Wao ndio wamecheka." Akachukua bisibisi, akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Kwenye mchezo wa pili Dereva hakumwondolea macho. Alikiweka kitufe kwenye jekundu, akasikia ta!, akamwambia Mganga, "Umeona? Nyekundu." Mganga akaitikia kwa kichwa. Kisha mwamuzi akamwita Dereva pembeni kukagua rimoti. Aligeuka kidogo tu. Aliporudi kwenye nafasi yake, Binamu alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma akitoa uzi ulionasa, Mganga amesimama upande wa pili akifunga kompyuta. Honi ikalia. Shangazi akatoka nje ya mstari, akasimama.

Dereva alicheza sehemu iliyobaki kwa hasira, akagonga vitu visivyohitaji kugongwa, na kwa bahati tu wakapata ushindi mwembamba. Hakufurahi. Kitufe kilikuwa kwenye jeupe.

Alimvuta Mganga kando, nyuma ya rundo la masanduku ya vifaa. "Kuna mtu anatuchezea shere," alisema. "Unadhani ni yeye?"

Mganga alitazama viatu vyake. "Mimi sijasema kitu."

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa pale."

"Sikuona vizuri," akasema Mganga. "Nilikuwa na kompyuta."

Dereva aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyekwisha kuamua. Mganga hakumtetea Binamu, na Mganga ni mtu anayemtetea hata mwizi wa kalamu zake. Kwa Dereva hilo lilitosha.

Aliirudia meza yao kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto. Binamu alikuwa amekaa juu ya kasha la betri, anakula ndizi.

"Wamekuahidi nini?" Dereva akamuuliza, sauti yake ikawafikia hata wa meza za jirani.

"Nani?"

"Rafiki zako wa kijani. Kila tukiingia uwanjani kitufe kinahama. Wewe ndiye uko nyuma ya roboti kila mara. Unatuibia mchezo, unakuja kulala nyumbani kwetu, unakula kwetu, halafu unatuibia!"

Ukumbi ule ulikuwa na kelele za kila aina, lakini karibu na meza yao kulinyamaza ghafla. Mwalimu wa fizikia akasema, "Taratibu, taratibu," akiwa amechelewa. Binamu alimeza kipande cha ndizi kilichokuwa mdomoni.

"Unajua kule wananiitaje?" akasema polepole. "Msaliti. Tangu asubuhi. Kwa sababu nimewahama. Sasa huku naitwa mwizi." Alimtazama Mganga, akangoja kidogo, kama anayengoja mtu amfungulie mlango. Mganga alikuwa ameinamia kompyuta. "Haya," akasema Binamu. Akavua beji ya timu, akaiweka juu ya mgongo wa Shangazi, akapanda zake majukwaani, akakaa peke yake kwenye safu ya juu kabisa.

Dereva alijihisi mwepesi, kama aliyetema kitu kichungu. Kwa mchezo uliofuata walibaki wawili. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alikiweka kitufe kwenye jekundu, akakifunika kwa selotepu, pande zote, akachora kwa kalamu ya wino mistari iliyokatiza kutoka kwenye selotepu hadi kwenye bati, ili ikibanduliwa aone. Mganga alimtazama akifanya hivyo.

"Mbona tena? Si ameondoka?"

"Niache tu, roho yangu itulie," Dereva akasema.

"Sawa," Mganga akasema. Baada ya muda akaongeza, "Ngoja nimchomeke kidogo nione chaji ya betri." Akachomeka waya wa kompyuta, akabofya vitu viwili vitatu, akachomoa. Dereva alikuwa akifunga kamba za viatu vyake.

Wakaingia. Honi ikalia.

Shangazi akatoka nje ya mstari, akasimama.

Dereva alisahau kuishika rimoti hata muda wa madereva ulipoanza. Ilibidi Mganga amguse bega. Mchezo ulipokwisha alipiga magoti nyuma ya roboti. Selotepu ilikuwa palepale. Mistari ya wino ilikuwa imenyooka, haijakatika popote. Chini ya selotepu kitufe kilikuwa kwenye doa jekundu.

Alikaa vile amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kuinuka na kukutana na uso wa aliyesimama nyuma yake. Hakuna mkono uliogusa kitufe. Shangazi alikuwa ameambiwa kwa ndani kwamba nyekundu ni nyeupe. Na Binamu, aliyekuwa kule juu majukwaani, hakujua kuandika programu hata ya kuwasha taa. Wala hakuhitaji kuijua, maana tangu walipofika ukumbini ni mtu mmoja tu aliyekuwa amechomeka waya kwa Shangazi. Dereva akaanza kuukumbuka upya mchezo wa pili. Binamu alikuwa kwenye gurudumu, mikono yote miwili kwenye uzi ulionasa. Na nani alikuwa amesimama upande wa pili, mkono mmoja huru?

"Tumbebe," Mganga akasema nyuma yake. "Wanataka uwanja."

Walimbeba. Dereva hakuelekea mezani. Alipinda kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, ikambidi Mganga afuate kwa kuwa alishika upande wa pili, wakamtua Shangazi chini ya masinki. Bomba moja lilikuwa likidondosha maji.

"Selotepu haijaguswa," Dereva akasema.

Mganga alinyoosha mkono akalikaza bomba; likaendelea kudondosha.

"Nimekuuliza mara ngapi leo? Nimekuuliza nani, ukaniambia hukuona vizuri. Nimemtukana mtoto wa mjomba wangu mbele ya ukumbi mzima, na wewe upo. Umekaa. Umeinama kama unasoma." Sauti ilikuwa ikimpanda, akaishusha kwa nguvu. "Umenunuliwa?"

"Na nani?" Mganga akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kubadilika, kama bomba lile lile. "Si mimi niliyeiandika."

"Hukuandika nini?"

"Nyekundu. Ni ya kaka."

Dereva alimfahamu kaka huyo, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo na kulala mpaka mchana. Mganga akasema yote kwa mkupuo. Njano na nyeupe alizitunga mwenyewe. Nyekundu ilimshinda, kila jioni Shangazi aligonga ukuta, na timu ilikuwa inamngoja, na Dereva alikuwa amekwisha kuwatangazia darasa zima kwamba Mganga anapika kitu cha kuua mtu. Kaka yake akamwona analia juu ya kompyuta, akasema sogea, akaandika ndani ya jioni moja. Mganga alipanga kuisoma mpaka aielewe, kisha aiandike upya kwa akili yake. Hakuwahi.

"Na kanuni zinasema kila kitu kiandikwe na sisi wenyewe," akasema. "Yule mama akija aniulize hatua kwa hatua, nitamwambia nini? Hata ile sehemu inayogeuka siielewi. Nikawaza, kama nyekundu haifanyi kazi mchezoni, atasahau. Atakwenda kuuliza wengine."

"Ungeniambia mimi."

"Asubuhi ulinikumbatia," Mganga akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

Dereva alitaka kukasirika zaidi, na kwa kweli alikuwa na hasira ya kutosha siku nzima, lakini sehemu kubwa ya hasira ile sasa ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe. Hakuna aliyemtuma apaze sauti pale mezani. Hakuna aliyemwambia ahesabu nani alisema "twende" na asihesabu nani alinyamaza.

"Na Binamu?" akauliza. "Ulimtazama akiondoka."

Mganga alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nilitaka kusema. Kila nilipotaka, ulikuwa unazidi kumpigia kelele, na mimi nikazidi kuogopa."

"Twende kwa Mwalimu," Dereva akasema. "Unasema mwenyewe, mimi nitasimama tu."

Mwalimu wa fizikia alisikiliza mikono ikiwa mfukoni. Hakupaza sauti. Alivua kofia, akakuna kichwa, akavaa kofia, akaondoka na Mganga kwenda kwenye meza ya majaji. Waliporudi, Mganga alikuwa na macho mekundu lakini mabega yake yameshuka mahali pake. Majaji waliamuru nyekundu ifutwe mbele yao, wakaitoa timu kwenye kinyang'anyiro cha zawadi ya programu, na wakawaruhusu kumalizia mchezo wao wa mwisho.

Dereva alikuwa amekwisha kupanda majukwaani. Ngazi zilikuwa nyingi na kila moja ilimpa nafasi ya kutafuta maneno, na alipofika juu yalikuwa yamebaki mawili tu.

"Si wewe," akasema.

"Hilo nalijua," Binamu akajibu, macho uwanjani.

"Nimekosea. Nisamehe. Tunahitaji mtu wa kubeba."

"Kumbe ndiyo umenifuata. Punda."

"Hapana. Yaani, ndiyo, lakini hapana." Alikaa kando yake, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. "Nimekufuata kwa sababu nimekupaka matope mbele ya watu, na nataka watu haohao wakuone ukirudi."

Chini, wale wa fulana za kijani walikuwa wakishangilia kitu. "Na aliyefanya ni nani?" Binamu akauliza. Dereva akamwambia. Binamu alitikisa kichwa mara kadhaa. "Nilimtazama pale mezani, sikujua kitu, nilidhani atanisemea tu neno zuri," akasema. Kisha akainuka na kushuka, bila kumngoja.

Walipomweka Shangazi kwenye mstari kwa mara ya mwisho, Binamu alirudi nyuma hatua kubwa na kuinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, kama anayesachiwa. Baadhi ya watu wakacheka. Dereva hakuweza.

"Chagua wewe," akamwambia. "Nyeupe au njano?"

"Njano. Weka mwenyewe. Mimi sigusi."

Akaweka. Ta! Honi ikalia, na Shangazi akaenda, taratibu, akiyumba kidogo, akautia mpira wake mmoja. Mganga alipiga yowe kana kwamba ni kumi. Hawakushinda. Mpira mmoja haukutosha kuwavusha, na wa fulana za kijani ndio waliochukua kombe, kwa uhodari wao wenyewe, bila msaada wa mtu.

Jioni nyumbani, mama yake Dereva aliwapakulia chakula, akawauliza siku imekwendaje.

"Tumetolewa, shangazi," Binamu akasema. "Wenzetu walikuwa wazuri zaidi."

"Lakini mlikuwa mnaelewana?"

Binamu alimtazama Dereva, kisha sahani yake. "Kelele kidogo tu. Za kawaida."

Dereva aliacha kutafuna. Kwa nini hasemi? Alikuwa na haki ya kusema, na mama angemfokea bintiye mpaka kesho. Je, anamhurumia, au anaiweka akiba? Kila alipomtazama, Binamu alikuwa akila kwa utulivu mkubwa, utulivu wa mtu mwenye kitu mfukoni. Dereva alivumilia mpaka ikamshinda.

"Mama, leo nimemwita mwizi mbele ya watu wote. Na hakuwa yeye."

Mama akaweka kijiko chini. Binamu akaguna.

"Sasa hapo umeniharibia," akasema. "Nilikuwa nimepanga uoshe zamu zangu za vyombo mpaka shule zifungwe."

Hakucheka aliposema hivyo, na Dereva hakuweza kujua kama ni utani. Mama alipomaliza maneno yake, ambayo hayakuwa machache wala matamu, Dereva aliosha vyombo vyote, na sufuria pia.

Waliporudi shuleni wiki iliyofuata, Mganga aliomba aiandike nyekundu upya, mwanzo mpaka mwisho, na safari hii alitaka mtu akae naye. Dereva akajitolea. Walikaa kwenye chumba cha maabara, Shangazi sakafuni, Binamu dirishani akikaza skrubu za gurudumu la akiba. Waliongea kama zamani, wakataniana kama zamani. Shangazi akaugonga ukuta, wakamrudisha, akaugonga tena.

"Naona kosa," Mganga akasema, na akaichukua kompyuta.

"Nionyeshe," Dereva akasema.

Alisema haraka mno, na wote watatu walilisikia hilo. Mganga aliondoa vidole kwenye vitufe. Kisha akaigeuza kompyuta ili kioo kiwatazame wote, akaanza kuwasomea mstari kwa mstari.